Aliyebebwa Anamaliza, Asiye na Mtu Anaondoka Kimyakimya

Nilishuka Ubungo, enzi hizo stendi bado iko Ubungo haijahamia Mbezi, nikiwa na shangazi kaja moja, godoro sina, na barua ya udahili nimeifunga kwenye nailoni kama hati ya kiwanja. Chuoni nikakuta majina ya waliopata hosteli yamebandikwa ubaoni na la kwangu halipo, nikaisoma ile orodha mara tatu kana kwamba jina litanionea huruma lijitokeze. Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa anapita, akasikia lafudhi yangu namuuliza mlinzi kitu, akasimama. Dogo we mtu wa wapi? Nikamwambia. Akasema ahaa, beba begi twende. Hata jina hakuniuliza mpaka tumefika chumbani.

Kwa ambao hamjasoma vyuo vya bongo, hii inaitwa kubebana. Mwenye chumba anambeba asiye na chumba, kitanda cha mtu mmoja mnalala wawili, mzungu wa nne, kichwa chako kwenye miguu yake na cha kwake kwenye miguu yako, na kila mtu anajua mpaka wasimamizi wa hosteli, wakipita kukagua aliyebebwa anakwenda kuoga hata kama ameshaoga. Mwaka 2017 zilipofunguliwa zile hosteli za Magufuli pale UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, za kuchukua wanafunzi 3,840, mjadala wote ulikuwa wa vitanda, vitanda, vitanda, na ni sawa maana watu walikuwa wanateseka kweli. Ila mimi nilibaki najiuliza kuhusu kile kilichokuwa kinatokea juu ya kile kitanda cha kubebana taa ikishazimwa.

Maana taa ikizimwa ndo shule yenyewe inaanza. Jamaa anaongea gizani mimi nasikiliza. Dogo, kesho kabla ya kipindi nenda kasaini bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, usiseme utaenda Ijumaa, muda ukipita hela inarudishwa Bodi ya Mikopo na kuifatilia ni kazi ya miezi. Yule mwalimu wa saa moja asubuhi usihangaike na kitabu chake kikubwa, UE, mtihani wa mwisho wa semista, anaitoa kwenye maswali ya semina. Test ya kwanza utapigwa, wote tulipigwa, usianze kulia, CA, alama za kazi za semista, ni 40 na UE ni 60, bado una mchezo mkononi. Alafu hela ikiingia usikimbilie sabufa, nunua kwanza mchele. Hayo yote hakuna aliyeniambia wiki ya orientesheni, wiki ya orientesheni tulikaa ukumbini siku nne tukasikiliza hotuba za wakubwa na sheria za maktaba, nakumbuka viyoyozi tu.

Sasa kulikuwa na mwenzangu tuliyekaa benchi moja kwenye lekcha, jina lake naliacha. Kijana mpole, kichwa kizuri, kwao waliuza ng'ombe akalipa sehemu ya ada akasajiliwa, mkopo kwenye batch ya kwanza na ya pili hakupata, anakaa kwa mjomba wake Chanika. Chanika mpaka chuoni ukitaka kuwahi kipindi cha saa moja unaamka saa tisa usiku, unagombania daladala gizani, jioni unarudi hivyohivyo, chakula ni kile utakachokuta. Simu yake ilikuwa kitochi, kwahiyo lile kundi la darasa la WhatsApp ambalo ndo lilikuwa linaanza kushika kasi yeye hakuwemo. Wiki ya tano hivi hakuonekana. Wiki ya saba Bodi ikatoa majina mengine na tulipokuwa tunapitisha vidole kwenye ile PDF pale intaneti kafee jina lake lilikuwepo, mkopo kapata. Yeye yuko wapi? Hakuna aliyejua. Na ukiangalia makaratasi ya mahudhurio utakuta amehudhuria mpaka karibu na mwisho wa semista, hilo nitalirudia.

Nimeanza na sisi wawili kwasababu mjadala wa wanafunzi kuacha chuo hapa kwetu ukianza tu mtu wa kwanza atasema hela, wa pili atasema hela, wa tatu atasema watoto wa siku hizi wanapenda starehe, mjadala umeisha. Hela ni kweli, sitaki kujifanya kwamba kuongea na mtu kunalipa ada. Ila mwenzangu hela alikuwa nayo, ilikuwa njiani, wiki mbili tu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia subiri, majina bado yanatoka, nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi na hii barua, na hizi wiki mbili njoo ulale kwetu. Mtu mmoja mwenye taarifa na mwenye namba yake ya simu. Mimi nilimpata wangu kwa bahati ya lafudhi.

Na hapo ndo hoja yangu ilipo. Vyuo vyetu vina mfumo wa wanafunzi kuleana, upo siku nyingi, na unafanya kazi vizuri kuliko ofisi yoyote ya ushauri yenye kiyoyozi na mshauri mmoja kwa wanafunzi maelfu. Watu wa vikundi vya dini vya wanafunzi, USCF, CASFETA, MSAUD, wanakwenda mpaka stendi kupokea wageni wa mwaka wa kwanza, wana-mkoa wanatafutana, waliosoma shule moja wanatafutana, desa, zile notsi za kunakili, za mwaka jana na past pepa zinashuka mkono kwa mkono. Tatizo la mfumo huu ni kwamba unampata mwenye mtu tayari. Aliyesoma sekondari kubwa anakuta kaka zake hamsini wako pale mbele. Mwenye dini ya kwenda kila Jumamosi ana familia kabla ya wiki kuisha. Aliyetoka shule ya kata ambayo kwa miaka mitatu imetoa watu wawili tu kwenda chuo, mpole, hana kundi la maombi, anakaa mbali na chuo, huyo hana pa kuangukia, na huyohuyo ndo ambaye akiteleza kidogo hakuna kamba. Kwahiyo msaada unakwenda kwa wasiouhitaji sana. Chuo kikiamua kuweka mpango rasmi wa wanafunzi kulea wanafunzi, kazi yake ya kwanza iwe kumfata huyu asiyefatwa na mtu, wengine watajikuta.

Watu waliosomea haya mambo waliyaona zamani. Mmarekani mmoja, Vincent Tinto, tangu 1975 aliandika kwamba mwanafunzi anaondoka chuo pale anaposhindwa kuungana na watu wa pale na maisha ya pale, kwenye masomo na nje ya masomo, nadharia yake imekosolewa sana lakini imekaa mezani mpaka leo. Mwaka 2011 Walton na Cohen wakachapisha kwenye jarida la Science jaribio dogo ambalo mimi huwa nalipenda sana, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisomeshwa maneno ya wanafunzi wa juu yao wakisema kwamba na wao walipofika walijiona si wa pale, na hiyo hali ikapita. Kikao cha kama saa moja. Kwa Wamarekani weusi waliopitia kile kikao alama zilipanda na zikabaki juu kwa miaka mitatu iliyofata. Nilivyosoma hiyo nikamkumbuka jamaa yangu gizani, test ya kwanza utapigwa, wote tulipigwa. Yeye hakuwa na jarida, alikuwa na nusu ya kitanda.

Ila hapohapo kuna mtego na vyuo vyetu vimeshauingia. Ukimuuliza kiongozi yeyote wa chuo mnawasaidiaje wageni atakwambia tuna kundi la WhatsApp. Watu 250, matangazo, stika za asubuhi njema, mtu anauza viatu, mwingine kauliza kipindi kiko wapi akajibiwa scroll juu. Kwenye kundi la watu 250 nani atauliza swali la kijinga? Nani ataandika jamani mimi sijala tangu jana? Wachumi wawili, Oreopoulos na Petronijevic, walijaribu jambo linalofanana na hili pale University of Toronto, matokeo yakachapishwa 2018. Maelfu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakafanya zoezi la mtandaoni la kupanga malengo, wengine wakawa wanatumiwa na meseji za kukumbushwa na kutiwa moyo, na kundi dogo wakapewa mtu kabisa, mwanafunzi wa miaka ya juu wa kukutana naye mara kwa mara na kumfatilia. Zoezi la mtandaoni, sifuri. Meseji, sifuri. Waliopewa mtu alama zao zikapanda, tena kwa kiasi kikubwa kwa viwango vya tafiti za namna hii. Ukitaka kujua kwanini, fikiria tu, meseji unaipuuza ukiwa kitandani, mtu anayekusubiri chini ya mwembe saa kumi jioni ni aibu kumpuuza.

Na kumpa mtu nako kuna namna. Huyohuyo Oreopoulos na wenzake Angrist na Lang walikuwa na jaribio lingine la nyuma, chuo kikubwa cha Canada pia, lilitoka 2009. Kundi moja likaambiwa washauri wanafunzi wapo na vikundi vya kusoma vipo, karibuni. Walioitikia wachache, na mwisho wa mwaka hawakuwa na tofauti ya maana na wenzao. Kundi lililopewa huduma hizohizo pamoja na ahadi ya hela ukipata alama fulani, wasichana walipanda, wavulana hata kidogo. Mimi nasoma hivi: mlango ukiuacha wazi ukakaa kusubiri, wanaoingia ni wale ambao wangefaulu hata bila mlango. Kijana anayezama haji ofisini kusema nazama. Anaona aibu, na wavulana ndo zaidi, mwanaume wa miaka ishirini atakufa na tai shingoni kuliko kugonga mlango ulioandikwa ushauri nasaha. Kwahiyo mlezi, yaani yule mwanafunzi wa miaka ya juu, ndo amfate, awe na jina lake kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, apige simu yeye.

Hapa kwetu hili si geni kiasi cha kuita wataalamu wa nje. Msichana wa pwani alikuwa na somo wake, mwanamke aliyepewa kazi ya kumfunda na ambaye wanaitana somo mpaka uzeeni, hakusubiriwa aje aombe kufundwa. Chuoni kwa maana ya kule kwa Kurani mwalimu ana khalifa, kijana aliyetangulia, anashika wadogo wakati mwalimu yuko na wakubwa. Khalifa hajui kila kitu, kawazidi hao watoto juzuu kadhaa tu, na ndo maana anakumbuka bado ni herufi gani inasumbua ulimi.

Hilo la khalifa linanipeleka kwenye kosa ambalo nimeliona kwenye karibu kila mpango wa namna hii niliousikia. Wakitafuta walezi wanachukua vichwa. GPA 4.4 kati ya 5 kwenda juu, daraja la kwanza, wenye vyeti, wanaoongea Kiingereza cha televisheni. Huyo ambaye hajawahi kupata sapu, mtihani wa marudio, maisha yake yote atamwambia nini mtu mwenye sapu tatu? Atamwambia soma kwa bidii. Nipeni mtu wa mwaka wa pili, GPA ya 3.1, aliyepata sapu ya hesabu semista ya kwanza akalia akarudi akaifuta mwezi wa tisa wakati wenzake wako nyumbani, huyo anajua ofisi ya mitihani iko ghorofa ya ngapi, anajua jinsi ya kumwambia baba kwa simu, anajua usiku wa matokeo unavyokuwa. Mwaka wa pili, sio finalisti. Finalisti ana utafiti wake, ana msongo wake wa ajira, na kashasahau jinsi ilivyo kutojua.

Kuna pia ujanja mmoja wa University of Missouri pale Kansas City ambao naona ungefaa sana kwetu. Mwaka 1973 Deanna Martin alianzisha kule mpango ambao badala ya kuwasaka wanafunzi dhaifu ulisaka masomo magumu. Yaani wanaangalia somo lipi kila mwaka linaangusha watu, wanamchukua mwanafunzi aliyelifaulu, anaingia tena lekcha kama kawaida, alafu mara kadhaa kwa wiki anakaa na yeyote anayetaka wanalichambua. Hakuna anayeitwa dhaifu, maana kila mtu anajua lile somo ni jini. Fikiria hilo kwenye hesabu za mwaka wa kwanza wa uhandisi, au zile kozi za wote ambazo ukumbi unajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, mwalimu anaongea Kiingereza kwenye maiki inayokoroma, na mtoto ambaye darasa la kwanza mpaka la saba kasoma Kiswahili anainamisha kichwa anaandika asichokielewa. Maswali ya kweli yanatoka baada ya kipindi, koridoni, kwa Kiswahili. Sisi tunaliacha hilo darasa la koridoni lijiendee, wakati ukilipa chumba na mtu na saa maalumu limeshakuwa mpango, sera ya lugha itatukuta tumeshafaulu.

Ngoja sasa niseme la upande wa pili maana wengine mnaona naimba sifa za wanafunzi wa miaka ya juu kama malaika. Mwanafunzi wa miaka ya juu anaweza kuwa janga. Waliopita UDSM miaka ya nyuma wanaikumbuka Punch, kundi la wanafunzi wasiojulikana waliokuwa wanabandika ukutani matusi na michoro ya kudhalilisha watu, hasa wasichana, watu wakacheka wakaiita utamaduni wa Mlimani, mpaka mwaka 1990 mwanafunzi Levina Mukasa aliyekuwa ameandamwa na hao jamaa akajitoa uhai. Baada ya hapo ndo ikapigwa marufuku. Leo hakuna Punch ila wiki ya kwanza ya kila mwaka utawaona wale mabraza wamenyoa wamepulizia, wamekaa pale pa kusajilia, wanasaidia kubeba mabegi ya wasichana tu. Wenyewe wanaita kuopoa mafresha. Ukimpa mtu wa hivi karatasi rasmi yenye majina na namba za simu za wasichana kumi wa miaka kumi na tisa umemkabidhi fisi bucha. Kwahiyo mimi naona semista ya kwanza msichana apewe dada, vikao viwe mahali pa wazi, na awepo mwalimu mmoja anayejulikana kwa jina, si mwanafunzi, ambaye mgeni anaweza kumwendea akasema huyu mlezi wangu simtaki na asiulizwe sana. Wapo watakaosema hii ni kutoaminiana. Sawa, tusiaminiane.

Na kuna ugonjwa wa semina. Wenye umri wangu wanawakumbuka waelimishaji rika wa miaka ile ya kampeni za Ukimwi, fulana nyeupe, kofia, posho ya nauli, soda na maandazi, picha ya pamoja, na wengi walifanya kazi nzuri, sibezi. Ila mradi ulipoisha na waelimishaji wakaisha. Ulezi wa chuo ukija kama mradi wa mfadhili wa miaka miwili utakwenda njia hiyohiyo, utabaki na bango limepauka getini. Lazima uwe kwenye bajeti ya chuo yenyewe kama inavyokuwa chaki.

Hesabu zake wala sio za kutisha. Tuchukue chuo cha mfano kinachopokea wageni 4,000. Mlezi mmoja wageni wanane, zaidi ya hapo hawezi kumjua mtu, unahitaji walezi 500. Kila mmoja mpe 30,000 kwa semista, hela ya vocha na ya chai, sio mshahara, na cheti ambacho chuo chenyewe kinakitambua. Hiyo ni milioni 15 kwa semista, milioni 30 kwa mwaka. Ada ya mwaka kwa kozi nyingi za vyuo vya umma inacheza kwenye milioni moja na kitu, kwahiyo wakibaki watu thelathini tu ambao wangeondoka, kati ya elfu nne, hela imerudi mwaka huohuo, sijahesabu mwaka wa pili na wa tatu. Bodi nao wana maslahi hapa, maana aliyemaliza akapata ajira anakatwa 15% ya mshahara, ila aliyeacha njiani hana mshahara wa kukata na deni lake liko palepale linamsubiri. Sijui kwanini Bodi na vyuo hawajakaa meza moja kwenye hili, wote wanapoteza mtu yuleyule.

Mlezi afanye nini? Mambo madogo, yanachosha hata kuyaandika. Wiki ya kwanza amwoneshe kusoma SIPA, akaunti yake ya mkopo kule Bodi, na ajue kwamba jina kukosekana kwenye batch ya kwanza sio mwisho wa dunia. Aangalie kama control namba ya ada imelipwa ile sahihi, maana kuna watu wamelipa ya hosteli wakidhani ya ada. Wiki ya tatu amuulize kama anakula, amuulize vipi, kwa utani, wali wa mama nani leo. Baada ya test ya kwanza akae naye. Hela ikiingia kwa mkupuo, na kwa kiwango cha siku hizi cha 10,000 kwa siku ukipewa ya siku sitini ni laki sita mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kushika laki moja, amsaidie kuigawa kabla haijaota miguu.

Na kubwa kuliko yote, amfundishe kuahirisha. Hapa nataka nikae kidogo. Kila chuo kina utaratibu wa kuahirisha masomo, umeuguliwa, umefiwa, ada imekwama, una mimba, unaandika barua, unaambatanisha vielelezo, unakubaliwa, unarudi mwakani nafasi yako ipo. Sasa watoto wetu hawaujui, au wanaujua ila wanaona kumwandikia barua mkubwa wa chuo ni kama kumwandikia Mungu, kwahiyo shida ikiwakuta wanafungasha wanakwenda nyumbani bila kumwambia mtu. Mtihani unafika hawapo. Kwenye matokeo wanaandikiwa kwamba wametoroka. Kijana amekwenda kumzika baba yake na kulima shamba ili wadogo zake wale, chuo kimemwandika mtoro, na mlango wa kurudi umefungwa kwa kukosa barua ya ukurasa mmoja. Hapo hela haikuhusika kabisa, ile barua mwanafunzi wa mwaka wa pili angeiandika naye ndani ya nusu saa kwenye simu.

Mlezi hatajenga hosteli, hataongeza mkopo, na chuo kikianza kumtumia kama kisingizio cha kutofanya hayo basi bora asiwepo. Nimeshasikia kiongozi mmoja jukwaani akisema wanafunzi wajifunze kusaidiana kwanza kabla ya kuilaumu serikali, nikasema moyoni huyu hajawahi kulala mzungu wa nne. Tulikuwa tunasaidiana kabla yeye hajapewa maiki.

Turudi kwenye makaratasi ya mahudhurio. Chuoni kuna mchezo unaitwa kusainiana, karatasi inapita darasani, rafiki yako hayupo, unamsainia, kesho na yeye atakusainia, kila mtu anafanya na hakuna anayeona dhambi. Yule mwenzangu wa Chanika alipoacha kuja nilidhani ni foleni, baadae nikadhani anaumwa, nikawa namsainia. Wiki ya sita, ya saba, ya nane, naandika jina lake na ile sahihi yake ya kukata mstari chini, nikijiona namfanyia wema. Mwalimu akikagua, yupo. CR, kiongozi wa darasa, akikagua, yupo. Kama kulikuwa na mtu yeyote pale chuoni mwenye kazi ya kugundua kwamba kuna kijana ameacha kuja, mimi ndo nilimziba macho. Namba yake ya usajili naijua kwa kichwa mpaka leo. Ya simu sikuwahi kumuomba.